Ufundi Usiovuka Ua wa Shule ni Mapambo

Kuna mazoea ya siku nyingi ya kuipima shule kwa vikombe vyake. Shule iliyoshinda hupongezwa, kikombe hutiwa katika kabati la vioo ofisini kwa mwalimu mkuu, na wageni wakija huonyeshwa. Ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza kikombe hicho kimemfaa nani miongoni mwa wale wanaoishi nje ya ua wa shule: mzee wa nyumba ya jirani, mgonjwa aliyelazwa katika hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, au mtoto ambaye hajafikia hata umri wa kuandikishwa darasa la kwanza.

Kwa hiyo ni jambo la kushangaza kidogo, tena la kutia moyo, kwamba swali hilo linaulizwa rasmi katika mashindano ambayo mtu angedhani hayana habari na watu kabisa, yaani mashindano ya roboti ya shule za sekondari nchini Marekani. Katika nchi ile inayosifika kwa kutukuza ushindi na mshindi, waandaaji wa mashindano hayo waliamua kwamba tuzo iliyo kubwa kuliko zote isipewe timu iliyounda mashine yenye nguvu, bali ipewe timu iliyoutumia ufundi wake kuwafaa watu wengine. Uamuzi huo una mafunzo makubwa kwa kila mwalimu na kwa kila mtumishi wa umma. Una pia hatari zake, na si vema kuyasifu mafunzo huku hatari zikifichwa.

Chimbuko

Shirika linaloendesha mashindano hayo laitwa FIRST. Lilianzishwa mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, na shindano lake la kwanza lilifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari ya Memorial, mjini Manchester, jimbo la New Hampshire. Siku hiyo zilishindana timu 28 tu. Kamen alisaidiwa sana na Woodie Flowers, profesa wa uhandisi wa Massachusetts Institute of Technology, aliyefariki mwaka 2019. Huyo ndiye aliyewahimiza vijana wa mashindano hayo kupigania ushindi kwa bidii zote huku wakimheshimu na kumsaidia mpinzani, hata ikibidi kumwazima kifaa ambacho kitamwezesha kuwashinda.

Utaratibu wake si mgumu kuuelewa. Kila mwaka, mwezi Januari, timu zote hutangaziwa mchezo mpya kwa siku moja. Kwa miaka mingi vijana walipewa wiki sita tu za kusanifu, kukata vyuma, kufunga nyaya na kuandika programu, hadi roboti yenye uzito wa zaidi ya kilo 50 iweze kuingia uwanjani. Kila pambano huchukua kama dakika mbili na nusu. Timu tatu huungana dhidi ya nyingine tatu, na aliye mwenzako asubuhi aweza kuwa mpinzani wako alasiri. Walimu, wahandisi na mafundi hukaa na vijana hao jioni na siku za mapumziko, wengi wao bila ya malipo yoyote.

Kwa muda mrefu tuzo kubwa ya mashindano hayo iliitwa Tuzo ya Mwenyekiti. Kuanzia msimu wa 2023 jina lake lilibadilishwa, na la sasa linataja athari ambayo timu imeiacha katika jamii. Jina limebadilika lakini kiini ni kile kile. Ili kuipata, timu huandika maelezo ya kazi iliyoifanya katika jamii yake, kisha wanafunzi wenyewe husimama mbele ya waamuzi na kuhojiwa. Haitoshi kusema kwamba roboti ilipiga mbio. Waamuzi hutaka kujua nani amefunzwa, nani amesaidiwa, na kazi hiyo itaendelea vipi wanafunzi wa sasa watakapokuwa wamemaliza masomo na kuondoka.

Hapana shaka kwamba hiki ni kipimo kizuri. Roboti yenyewe haina maisha marefu, kwani msimu ukiisha hufunguliwa skrubu, na mota zake hutiwa katika roboti ya mwaka ujao. Kinachobaki ni mazoea ya akili na moyo. Na mazoea hujengwa mapema. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kijana aliyezoea kujiuliza akiwa na miaka 16, "Ufundi huu utamsaidia nani?", haelekei kulisahau swali hilo akiwa mhandisi wa miaka 40 mwenye ofisi yake na gari lake.

Kiti cha mtoto

Mfano mmoja unatosha kueleza jambo hili kuliko hotuba nyingi. Mwaka 2019, wanafunzi wa timu ya roboti ya shule ya sekondari ya Farmington, katika jimbo la Minnesota, walifikiwa na wazazi wa mtoto mdogo wa miaka miwili ambaye maradhi yalimzuia kutembea kama wenzake. Kiti cha magurudumu chenye mota kingemwezesha kwenda atakako. Lakini kiti cha namna hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola, na bima ya familia haikukubali kukilipia.

Vijana wale hawakwenda kuunda kitu kipya tangu mwanzo. Walichukua gari la umeme la kuchezea watoto, la aina inayouzwa madukani, wakabadili mfumo wake wa umeme, wakaandika upya programu ya kuliendesha, na mahali pa usukani na kibati cha kukanyaga wakaweka kijiti kidogo ambacho mtoto angeweza kukisukuma kwa mkono. Wakapata kiti kinachomshikilia mtoto vizuri asianguke. Kazi ilipokwisha, mtoto yule alianza kwenda mwenyewe kukitazama alichotaka kukitazama, bila ya kusubiri kubebwa.

Mtu asiyefikiri sana aweza kusema kwamba hicho ni kitu cha kuchezea tu. Sivyo. Wanafunzi wa Farmington walipata mwongozo kutoka mpango uitwao GoBabyGo, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Delaware na Cole Galloway, mtaalamu wa tiba ya viungo. Utafiti wa Galloway na wenzake ulihusu jambo ambalo kila mama analijua bila ya kwenda chuoni, kwamba mtoto hujifunza kwa kujisogeza. Akitambaa na kufika kwenye sufuria, anajua sufuria ni nini. Akimfuata ndugu yake uani, anajifunza kusema naye, kugombana naye na kupatana naye. Mtoto asiyeweza kujisogeza hakukosa miguu peke yake, bali anakosa pia sehemu ya dunia ambayo wenzake wanaisoma kila siku kwa magoti na viganja. Ndiyo maana Galloway hakutaka kungoja hadi mtoto afikie umri wa kupewa kiti cha hospitali. Alionyesha kwamba gari la kuchezea la bei ya kawaida, likibadilishwa kidogo, laweza kumpa mtoto huyo mwendo mapema. Maelezo ya namna ya kulibadili hayakufungiwa kabatini. Yametolewa kwa yeyote anayetaka kuyafuata, na timu nyingi za roboti za shule zimeyatumia.

Hapa pana jambo la kutafakari. Dean Kamen mwenyewe, muasisi wa mashindano haya, aliwahi kubuni kiti cha magurudumu cha ajabu kiitwacho iBOT, chenye uwezo wa kupanda ngazi na kumwinua mtu aliyekikalia hadi atazamane uso kwa uso na aliyesimama. Kilikuwa kazi ya kipaji kikubwa. Lakini bei yake ilizidi dola 20,000, na mwaka 2009 utengenezaji wake ukasimamishwa, ukaja kufufuliwa miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo ni dhahiri kwamba tatizo la mtoto wa Minnesota halikuwa uhaba wa wavumbuzi. Marekani ina wavumbuzi tele. Kilichokosekana ni njia ya kuutoa uvumbuzi katika karakana na kuufikisha kwa mtu anayeuhitaji lakini hana fedha. Kwa mtoto mmoja, njia hiyo ilipasuliwa na wanafunzi wa sekondari.

Herat

Mfano wa pili unatoka nchi ambayo haina utajiri wa Marekani, wala amani yake. Mwaka 2017 shirika la FIRST Global, ambalo nalo ni tunda la juhudi za Kamen, liliandaa mjini Washington mashindano ya kwanza ya roboti ya vijana wa dunia nzima. Mchezo wa mwaka ule ulihusu kutenganisha maji safi na maji machafu, na nchi zaidi ya 150 zilipeleka timu zao, nyingi zikiwa za Afrika. Afghanistan iliwakilishwa na wasichana 6 wa Herat, mji ulio magharibi mwa nchi, karibu na mpaka wa Iran. Walisafiri mara mbili kwenda Kabul kuomba viza katika ubalozi wa Marekani, na mara zote mbili walikataliwa. Dunia ilipopiga kelele, Rais wa Marekani aliingilia kati na wakaruhusiwa kuingia. Walirudi kwao na medali ya fedha ya ujasiri.

Kama hadithi hiyo ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kikombe na kabati la vioo. Lakini haikuishia hapo. Mwezi Februari 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Afghanistan aligunduliwa katika mkoa huo huo wa Herat, uliokuwa ukipokea maelfu ya watu waliokuwa wakirejea kutoka Iran. Mashine za kusaidia kupumua katika nchi nzima zilihesabika kwa mamia tu, kwa mamilioni ya watu. Gavana wa mkoa akatoa ombi la hadhara, na miongoni mwa walioitikia ni timu ya wasichana wa roboti, iliyokuwa chini ya ulezi wa Roya Mahboob, mwanamke wa Kiafghanistan aliyejipatia jina katika kazi ya kompyuta.

Wasichana hao waliuchukua mchoro uliotolewa bure na wataalamu wa Massachusetts Institute of Technology, wakautazama kwa macho ya watu wanaoishi katika mji ambao vipuri vya hospitali havipatikani. Wakaenda kwenye vipuri vinavyopatikana. Gari la Toyota Corolla limejaa Afghanistan, na vipuri vyake vikuukuu havikosi sokoni. Wakatumia mota ya waipa, ile inayofuta mvua kwenye kioo cha gari, pamoja na betri, ili kuuminya na kuuachia mfuko wa hewa ambao kwa kawaida mhudumu huuminya kwa mkono. Mwezi Julai 2020 waliionyesha mashine yao hadharani. Ilielezwa kwamba iligharimu kama dola 700, wakati mashine ya kiwandani yaweza kufikia dola 20,000.

Ni lazima kusema kweli. Mashine ile haikukusudiwa kuchukua mahali pa mashine kamili ya chumba cha wagonjwa mahututi. Ilikuwa ya dharura, ya kumshikilia mgonjwa wakati hakuna nyingine. Wenyewe walilisema hilo, na ukweli huo hauwapunguzii heshima. Fundi mwema ndiye anayeujua mpaka wa kazi yake na kuutaja mbele ya mteja.

Yaliyofuata yanahuzunisha. Mwezi Agosti 2021 Taliban waliingia Kabul. Baadhi ya wasichana wa timu hiyo walikimbilia Qatar, wengine Mexico. Shule za sekondari zilipofunguliwa tena mwezi Septemba mwaka huo, wavulana waliitwa kurudi darasani, na wasichana waliachwa nyumbani. Vijana waliojitolea kuusaidia mji wao upumue walinyimwa na nchi yao hewa ya elimu. Anayedhani kwamba karakana ya shule ni jambo dogo lisilo na uzito wa siasa, na aitazame Herat.

Ripoti na ukweli

Baada ya kuyasifu yaliyo mema, yafaa kuyasema yaliyo na kasoro. Utumishi unapotolewa tuzo, hujiingiza katika hatari inayojulikana sana na kila mtu aliyepata kufanya kazi katika ofisi ya serikali, nayo ni hatari ya ripoti.

Timu inayotaka tuzo hujua kwamba waamuzi watasoma maandishi. Basi baadhi huanza kufanya kazi kwa ajili ya maandishi. Roboti hupelekwa kwenye maonyesho ya kilimo, ikazungushwa mara tatu mbele ya watu wanaopita na maandazi yao, na jioni ikaandikwa kwamba watu elfu kadhaa "wamefikiwa". Wamefikiwa na nini? Hakuna anayeuliza. Timu nyingine humtumia barua mwalimu wa shule ya mbali, ikamjibia swali moja, kisha ikadai kwamba imeanzisha timu katika shule ile. Debe tupu haliachi kuvuma, na tarakimu tupu huvuma zaidi ya debe.

Watumishi wa umma hawana haja ya kwenda Marekani kulitafuta jambo hilo. Semina huhesabiwa kwa idadi ya waliohudhuria na kutia sahihi, si kwa idadi ya walioondoka wakijua wasichokijua. Visima huhesabiwa siku ya kuzinduliwa, si mwaka wa tatu pampu ikiwa imeharibika. Miti huhesabiwa ikipandwa, na ng'ombe hawahesabiwi wakiila. Palipo na afisa anayengoja tarakimu, hapakosi mtu wa kumtengenezea.

Waandaaji wa mashindano ya roboti waliliona tatizo hilo, na dawa waliyoitafuta yafaa kusomwa kwa makini. Waliweka maana rasmi ya maneno ambayo timu huyatumia katika maelezo yao. Kuanzisha timu, kuilea, kuisaidia na kuwafikia watu ni maneno manne yenye maana nne tofauti, na timu hairuhusiwi kulichukua neno zito kwa kazi nyepesi. Anayedai kwamba ameanzisha timu ya shule nyingine sharti awe amefanya kazi na timu hiyo moja kwa moja. Na katika masharti hayo lipo moja linaloshinda yote kwa busara, lile la kwamba timu iliyoanzishwa yenyewe ikubali kuwa ni kweli ilianzishwa na hao wanaodai.

Sharti hilo ni dogo kwa maneno, kubwa kwa maana. Linamtoa shahidi ofisini kwa aliyetoa msaada na kumpeleka kwa aliyesaidiwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mradi usioutumia hujui ubovu wake. Hebu fikiria mabadiliko yatakayotokea katika idara yoyote, katika nchi yoyote, siku ripoti ya mwaka itakapohesabiwa kuwa haijakamilika mpaka aliyetajwa kuwa amehudumiwa aulizwe kama kweli alihudumiwa. Kurasa nyingi zitapungua. Lakini zitakazobaki zitakuwa za kweli.

Gharama

Kasoro ya pili ni ya fedha. Kujiandikisha peke yake katika mashindano haya makubwa hugharimu dola elfu kadhaa kwa msimu, kabla ya kununua mota, vyuma na nauli. Timu nyingi huishi kwa kuwaomba makampuni fedha, na majina ya makampuni hayo hubandikwa kwenye roboti na kwenye migongo ya fulana za wanafunzi. Shule iliyo katika mtaa wa watu wenye kazi nzuri huwapata wafadhili na wahandisi kwa urahisi. Shule ya mtaa maskini huanza safari ikiwa imechelewa. Na ikiwa tuzo ni ya kuhudumia jamii, basi yule mwenye nafasi zaidi ya kuhudumia ni yule mwenye muda, gari na fedha. Kuna hatari ya wenye uwezo kupewa kikombe kwa ukarimu wao, na maskini kubaki siku zote katika picha kama mpokeaji.

Dawa ya kasoro hiyo si kuacha kuhudumu. Dawa ni kuangalia huduma inafanywa kwa mkono wa nani. Timu ya Herat haikuwa mpokeaji wa ukarimu wa mtu. Ilipokea mchoro, ndiyo, lakini akili ya kuiona mota ya waipa kuwa pafu la mgonjwa ilikuwa akili ya watu wa mji ule wenyewe. Ndiyo maana huduma iliyo bora kuliko zote ambayo timu tajiri inaweza kuitoa kwa shule maskini si kuwapelekea roboti iliyokwisha kuundwa, bali ni kuwapa maarifa na vifaa vya kuunda ya kwao, na kisha kuondoka njiani. Anayemkamatia mwenzake mkono kila siku hamfundishi kuandika.

Hisani na haki

Lakini kuna swali zito kuliko hayo yote, na swali hilo haliwahusu wanafunzi. Lawahusu wakubwa wao.

Kwa nini mtoto wa miaka miwili, katika nchi iliyo tajiri kuliko zote duniani, apate mwendo kwa hisani ya watoto wa sekondari? Kwa nini gavana wa mkoa awe na mahali pa kukimbilia kama timu ya wasichana na vipuri vya Corolla? Mwezi Machi 2020, msimu wa roboti uliposimamishwa kwa sababu ya korona, timu nyingi za Marekani ziliwasha tena mashine zao za kuchapa vitu vya plastiki, zikaunda ngao za uso na kuzipeleka katika hospitali za jirani. Waliofanya hivyo wanastahili sifa zote. Lakini inakuwaje hospitali za taifa linalorusha vyombo vyake hadi sayari ya Mars ziishiwe na kipande cha plastiki cha kumkinga muuguzi?

Hili ndilo jambo ambalo sherehe za kutoa tuzo hazilisemi. Kila kifaa kinachoundwa na wanafunzi kwa ajili ya jirani yao ni barua kwa ofisi iliyotakiwa kukileta na haikukileta. Kiti cha Farmington ni barua kwa wenye bima. Mashine ya Herat ni barua kwa wenye wizara na kwa dunia iliyoiacha nchi ile na mashine za kuhesabika. Ngao za plastiki ni barua kwa wenye maghala ya dharura. Barua hizo zimeandikwa kwa vyuma na nyaya, na hazina muhuri, lakini zinasomeka vizuri kuliko nyaraka nyingi zenye muhuri. Mtumishi wa umma anayezipigia makofi bila ya kuzijibu hajazisoma.

Wapo watakaosema: "Basi kazi ya vijana hawa ina madhara, maana inawapa wakubwa kisingizio cha kulala." Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ofisi ikizoea kusaidiwa husahau kwamba mshahara wake ni wa kazi gani. Hata hivyo, haiwezekani kumwambia mtoto asiye na kiti angoje hadi utaratibu urekebishwe. Utoto hauna subira. Miaka miwili ikipita amekaa tu, hairudishwi na sera yoyote. Kwa hiyo mambo mawili sharti yaende pamoja. Kijana na atoe hisani leo, na ofisi igeuze hisani hiyo kuwa haki kesho, ili mtoto wa pili, wa tatu na wa mia asihitaji bahati ya kuzaliwa karibu na shule yenye timu ya roboti.

Mafunzo

Katika yote haya, mwalimu ana sehemu yake. Fundisho la kwanza kwake ni kwamba kipimo huongoza kazi. Mwanafunzi akipimwa kwa mashine peke yake, ataunda mashine. Akipimwa pia kwa mtu aliyemfaa, atamtafuta mtu huyo, na katika kumtafuta atajifunza kusikiliza, jambo ambalo halifundishwi na kitabu chochote cha fizikia. Wanafunzi wa Farmington walilazimika kujua mikono ya mtoto yule ina nguvu kiasi gani kabla ya kuchagua kijiti cha kumpa. Hesabu hiyo ilianzia katika chumba alichokaa mtoto, si ubaoni.

Fundisho la pili ni kwamba kazi hii haianzi na roboti. Mota ya waipa, gari la kuchezea, mfuko wa hewa wa kuminya kwa mkono, hivi vyote vilikuwapo kabla ya vijana hao kuvigusa. Kilichoongezeka ni jicho la kuvitazama upya na ustadi wa kuviunganisha. Shule isiyo na fedha ya kujiandikisha katika mashindano yoyote bado ina jirani, na jirani huyo hakosi kuwa na kitu kilichoharibika au kilichopungua. Mwalimu wa ufundi aliye na bisibisi tatu na wanafunzi ishirini ameshapata mahali pa kuanzia, mradi awe na ujasiri wa kulifungua lango na kutoka nao nje.

Fundisho la tatu ni la wale wanaokaa upande wa pili wa meza, yaani wakaguzi, maafisa na wakurugenzi. Kazi ya namna hii hufa haraka mikononi mwa mtu anayedai tarakimu kabla ya matunda. Mwalimu aliyetakiwa kujaza fomu kwa kila skrubu ataacha skrubu na kujaza fomu. Ampimaye na ampime kwa swali lile moja la busara: aliyesaidiwa anasemaje?

Kikombe kitabaki kabatini, na vumbi litakipata kama lilivyovipata vikombe vingine. Vijana waliokishinda watatawanyika, kila mmoja kwenye kazi yake na mji wake. Lakini mahali fulani huko Minnesota kuna mtoto aliyeanza kuijua dunia kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu wanafunzi walitoka katika karakana yao na kugonga mlango wa jirani. Ufundi ulipovuka ua wa shule, ulipata maana. Wajibu wa wakubwa ni kuhakikisha kwamba ukifika nje haukuti ofisi zimefungwa.